Ndege ya Siku ya Tano Iliyofika Kazi Moja

Kamina, Haut-Lomami. Tangu nisimulie habari hii kwa dakika chache kwenye redio, simu yangu hailali. Wengine wanataka niwaandikie barua, wengine wanauliza kama kweli kompanyi ya ndege inaweza kumlipa mtu sababu ya kuchelewa. Kuna papa mmoja aliyenipigia usiku akasema, “Mwanangu, kwa inchi hii? Wewe unatuchekesha.” Kwa hiyo nimeona afadhali niandike yote, toka mwanzo, pamoja na mahali nilipokosea.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa Lubumbashi kwa mafunzo ya waandishi wa redio za jamii. Siku ya nne asubuhi nikapata simu: mama yangu mkubwa amefariki usiku, hapa Kamina. Kwa wale wasiojua jamaa yetu, huyu ndiye aliyenilea. Mama mzazi alikufa nikiwa bado sijui kusoma, na mama mkubwa akanichukua pamoja na watoto wake. Alikuwa anauza samaki wa moshi waliotoka Bukama kwa gari moshi. Ada yangu ya shule ilinuka samaki, na walimu walikuwa wanajua.

Jamaa wakaamua maziko yawe siku ya posho, saa tisa alasiri. Hawakuweza kungoja zaidi, kwa maana umeme wa kutunza maiti si kitu cha kutegemea. Wakaniuliza: utafika? Nikajibu nitafika, nina tiketi ya ndege ya siku ya tano. Mdogo wangu alikuwa Kolwezi, hana pesa ya ndege, akasema atapanda jipu ya kukodi pamoja na wengine. Nilimwonea huruma, nikifikiria vumbi lile na mashimo yale. Nilimwambia, “Nitakungoja huko.”

Basi, siku ya tano saa kumi na mbili asubuhi niko Luano. Ndege iliandikwa kuondoka saa tatu. Wanaojua Luano wanajua namna inavyojaa asubuhi: watu wa Kinshasa, watu wa migodi, wafanyabiashara wa Johannesburg na Addis Ababa, kila mmoja na vyombo vyake. Nikalipa Go-pass, nikapima mzigo, nikapewa karatasi ya kupandia. Ndege yetu tuliiona kwa macho, imesimama pale nje. Kwa sababu ya kazi yangu nina tabia ya kuandika vitu, nikaandika kwenye kitabu changu zile herufi zilizo karibu na mkia. Ndege nyingi zilizoandikishwa kwetu Kongo zinaanza na 9Q, kisha zinafuata herufi tatu. Sikupiga picha. Ndugu zangu, msipige picha kwenye kiwanja cha ndege, na msijaribu kabisa hapa Base. Mtakwenda kueleza mambo mbele ya askari na simu hamtaiona tena. Kalamu haikamatwi.

Saa tatu ikapita. Saa tano, mkubwa wa kompanyi pale kiwanjani akatoka akasema tungoje kidogo. Saa saba tukaona watu wenye suti wanashuka kwenye magari yenye vioo vyeusi, wanapanda ndege ile ile tuliyokuwa tunaitazama. Ikaruka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akauliza kwa sauti, “Sasa ile si yetu?” Hakuna aliyemjibu. Saa kumi tukaambiwa turudi kesho saa kumi na moja ya alfajiri. Hawakutupa chakula wala kitanda. Kwa kusema kweli, kila mmoja alipewa pakiti moja ya biskuti na chupa ya maji, na tulipewa kwa heshima.

Nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na kiwanja, dola 25. Niliomba risiti. Hilo nilifanya bila kufikiri, kwa sababu redio yetu hunidai risiti kwa kila kitu, hata kwa soda.

Siku ya posho tukangoja toka alfajiri mpaka saa nane. Saa nane wakatangaza: safari imefutwa sababu ya hali ya hewa. Hali ya hewa, mwezi wa saba! Ni kweli kiangazi kina moshi wa moto wa pori, na kuna siku rubani haoni vizuri. Lakini asubuhi ile ndege za kompanyi nyingine zilikuwa zinatua na kuruka mbele yetu, moja baada ya nyingine. Nikampigia simu mjomba. Akaniambia jeneza limekwisha kutoka nyumbani. Nikasikia nyimbo nyuma yake. Akasema, “Tunakwenda,” na akaacha simu wazi, sijui kwa makusudi au kwa kusahau, nami nikasimama kando ya ukuta wa Luano nikisikiliza maziko ya mama yangu mkubwa mpaka pesa ya simu ikaisha.

Jioni nikaenda kwa shemeji mjini. Siku ya Mungu nikarudi kiwanjani, hakuna safari. Kazi moja, saa tano asubuhi, tukapanda. Ilikuwa ndege ile ile, herufi zile zile. Saa chache baadaye nilikuwa nyumbani, na wa kwanza kunipokea alikuwa mdogo wangu, yule wa jipu. Alifika siku ya posho asubuhi, mwekundu kwa vumbi toka nywele mpaka viatu, na yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza mahali pangu. Hakunicheka. Mjomba ndiye aliyesema, tukiwa tunakula bukari: “Wewe ulikuwa na ndege.” Alisema hayo tu.

Hapa Kamina tunajua ndege tangu zamani, ndiyo maana maneno hayo yalinichoma. Base yetu ilijengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili, na wazee wa hapa wanasimulia kazi ile mpaka leo. Mwaka 1964, wakati Simba walipoishika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ndege za Wamarekani zilileta makomando wa Ubelgiji mpaka hapa Base. Usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi wa 11 zikaondoka, na saa kumi na mbili asubuhi makomando walikuwa wanashuka na miavuli Stanleyville. Lililofuata huko ni habari nyingine, na ni la uchungu. Lakini mjomba hupenda kusema kwamba safari ile haikuchelewa kwa sababu abiria wake walikuwa na bunduki.

Sasa nije kwenye barua.

Siku ya tatu ya matanga, rafiki aliyeko Kalemie alinitumia salamu za rambirambi kwa WhatsApp. Nilipokuwa nawajibu wenzake katika kundi lao nikaona picha za siku ya posho: wakubwa fulani wanapokelewa kwa ngoma kwenye kiwanja cha Kalemie. Nyuma yao ndege. Nikaikuza picha. 9Q, na herufi tatu zile nilizoziandika kwenye kitabu. Kumbe hali ya hewa yetu ilikuwa imevaa suti.

Nikaandika barua ya kwanza kwa hasira. Kurasa nne. Nikaeleza habari za mama mkubwa, samaki, ada ya shule, maziko, mjomba. Nikadai dola 500 kwa uchungu wangu na dola 71 kwa gharama. Nikaituma kwa mtu aliyekwenda Lubumbashi, akaiacha kwenye ajanse, bila muhuri, bila saini. Baada ya wiki tano nikapata jibu kwa simu: wanasikitika, wananipa punguzo la dola 30 kwa tiketi yangu nyingine, nikisafiri kabla ya miezi mitatu. Kwa maneno mengine, wanipunguzie bei nirudi kungojea tena pale pale. Nikakataa.

Wakati huo huo yaya yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa na kesi yake. Yeye anaishi Brussels. Alipanda ndege ya kompanyi ya Ulaya kuja Kinshasa, na ndege hiyo ikafika Ndjili ikiwa imechelewa zaidi ya saa sita. Yeye naye hakufika Kamina kwa maziko. Lakini aliporudi Ubelgiji akajaza fomu kwenye tovuti ya kompanyi, ukurasa mmoja, akaambatanisha tiketi. Haikupita miezi miwili, euro 600 zikaingia katika akaunti yake. Hakueleza habari za kifo. Hakuna aliyemuuliza.

Nilipomuuliza imewezekanaje, akanieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2004, nambari 261. Inasema abiria analipwa kiasi kilichokwisha kupangwa: euro 250 kwa safari fupi, 400 kwa ya kati, 600 kwa safari inayopita kilomita 3500. Mwanzoni sheria haikuandika pesa hiyo kwa ndege zilizochelewa, lakini mwaka 2009 mahakama yao kuu ikaamua kwamba hata anayefika amechelewa saa tatu au zaidi ana haki hiyo hiyo. Kompanyi inaokoka ikiwa tu inaonyesha jambo kubwa lisilo la kawaida, kama dhoruba au kiwanja kufungwa. Kuharibika kwa mashine peke yake, kwa kawaida, hakukubaliki kama sababu. Tena wakati wa kungoja lazima wakupe chakula, na kama ni usiku, hoteli.

Na kuna mpaka ambao watu wetu wengi hawaujui. Ukitoka kiwanja cha Ulaya, sheria inakulinda kwa kompanyi yoyote, hata ya Afrika. Lakini ukitoka Kinshasa au Nairobi kwenda Ulaya, inakulinda ikiwa kompanyi ni ya Ulaya tu. Kwa hiyo nyinyi mlio na watoto huko Liège au Paris, waambieni wakichelewa wasitupe karatasi zao. Na wajaze fomu wenyewe. Kuna maofisi yanayojitolea kudai kwa niaba yao, lakini yanakata sehemu kubwa, na fomu yenyewe si ngumu kuliko fomu ya kadi ya mpigakura.

Nilimwambia yaya: hiyo ni kwenu, huku kwetu hakuna sheria. Akanyamaza kidogo akasema, “Umeuliza nani?” Nilikuwa sijauliza mtu.

Nikaenda kwa avoka mmoja niliyesoma naye. Nikamwonyesha kurasa zangu nne. Akacheka kwa upole, akatoa kitabu kikubwa cha sheria kilichochakaa, akafungua dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba, 1888, inayohusu mapatano. Elfu moja mia nane themanini na nane! Wakati wa Leopold, kabla dunia haijaona ndege. Mpaka leo ndiyo sheria yetu ya mapatano, tunaiita kitabu cha tatu cha sheria za kiraia. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Kifungu cha 45 kinasema, kwa maneno yangu mimi: aliyeahidi kitu asikitende, au akakitenda kwa kuchelewa, analipa hasara, isipokuwa aonyeshe kwamba sababu imetoka nje yake, haikuwa juu yake.

Avoka akagonga neno hilo kwa kidole. Aonyeshe. Si mimi wa kuonyesha kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ni wao waonyeshe kwamba ilikuwa mbaya. Tiketi ni mapatano: waliandika siku, wakaandika saa, wakapokea pesa. Nami nina herufi za 9Q na picha ya Kalemie.

Kisha akanirudishia kurasa zangu nne akasema, “Na haya yote ya maziko toa.” Nikabisha. Nilimwambia ndiyo hasara yenyewe, gharama ni kitu gani? Akaniambia anaelewa, na kwamba mbele ya tribinali uchungu wa moyo unaweza kudaiwa, lakini barua ya kwanza kwa kompanyi si tribinali. Mtu wa ofisi akisoma machozi anaweka pembeni, akisoma kifungu na risiti anapeleka kwa mkubwa wake. Tukabishana mpaka jioni. Mwisho nikaacha mstari mmoja: kwamba nilikuwa nasafiri kwa maziko, na nilikuwa nimewaambia hivyo pale kiwanjani. Huo hakuufuta.

Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Tarehe, nambari ya tiketi, saa iliyoandikwa na saa tuliyoondoka. Herufi za ndege na mahali ilipoonekana siku ya posho. Kifungu cha 45. Gharama: nyumba ya wageni dola 25, chakula dola 18, taksi safari nne dola 28. Siku kumi na tano za kujibu. Chini kabisa: nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wale tunaowaita AAC, ambao sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2010 juu ya usafiri wa anga inawatambua kuwa wasimamizi wa kompanyi zote. Nikachapa nakala tatu. Safari hii nilikwenda nazo mwenyewe nilipopata kazi nyingine Lubumbashi. Dada wa ajanse akapokea moja akataka kuniaga. Nikasema naomba muhuri na tarehe kwenye nakala yangu. Akasema muhuri uko kwa shefu. Nikakaa. Shefu akaenda kula. Nikakaa. Saa tisa na nusu nikapata muhuri.

Wasikilizaji, kati ya yote niliyofanya, nadhani muhuri ule ndio uliofanya kazi. Barua bila muhuri ni hadithi.

Kabla sijasema ilivyoisha, niseme habari ya mama mwalimu, kwa sababu inawahusu zaidi ninyi wahami.

Huyu mama alifundisha huko Kivu. Tangu vita ifunge kiwanja cha ndege cha Goma mwezi wa kwanza 2025, watu wa kule wametawanyika kwa njia ambazo zamani hakuna angezifikiria. Yeye alipita Uganda kwa basi na watoto watatu, akafika Nairobi kwa kaka yake, na kaka akamnunulia tiketi ya ndege mpaka Lubumbashi, kwa kuwa mume wake yuko kazini hapa Base. Alifika Luano na watoto, begi halikufika. Ndani yake zilikuwa buleteni za shule za watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa, na nguo zote. Yeyote aliyewahi kuandikisha mtoto shuleni bila karatasi anajua maana yake.

Lakini mama huyu ana akili ya chaki na daftari. Kabla ya kutoka Luano alidai karatasi ya kutangaza mzigo uliokosekana, akajaziwa, akatia saini. Wengi wanaambiwa “rudi kesho” na wanatoka mikono mitupu. Begi lilifika baada ya siku tisa, wakati yeye amekwisha kufika Kamina. Wakamwambia arudi Lubumbashi kulichukua. Kwa pesa gani?

Alinijia baada ya kunisikia kwenye redio, na hapo nikajifunza sheria nyingine, kwa sababu safari yake ilitoka nchi moja kwenda nyingine. Huko kuna mapatano ya Montreal ya mwaka 1999. Kenya iliyaingia tangu 2002, na Kongo yetu 2014. Mapatano hayo yanasema kompanyi inabeba hasara iliyoletwa na kuchelewa kwa abiria au mzigo, isipokuwa ionyeshe ilifanya kila kitu kilichowezekana kuizuia. Hayapangi kiasi kama Ulaya. Lazima uonyeshe hasara, na kuna dari. Dari hiyo inahesabiwa kwa kipimo cha pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoitwa SDR: tangu tarehe 28 mwezi wa 12, 2024, ni 1519 kwa mizigo ya abiria mmoja, yapata dola 2000, na 6303 kwa kuchelewa kwa abiria mwenyewe.

Hatari iko kwenye siku. Mzigo uliochelewa: lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipowekwa tayari uuchukue. Mzigo ulioharibika: siku 7 tu. Ukipeleka kwa mdomo haihesabiwi, hata kama ulipiga kelele mpaka ukakauka koo. Kufungua kesi una miaka 2, kisha mlango unafungwa. Mama mwalimu alinijia siku ya 17. Tuliandika barua usiku ule ule kwa mwanga wa simu, tukaipeleka kwa barua pepe asubuhi, maana barua pepe nayo ni maandishi na ina tarehe. Tukaambatanisha ile karatasi ya Luano na risiti za nguo alizowanunulia watoto Lubumbashi. Wakamlipa nguo. Na begi wakalipakia wenyewe mpaka Kamina; wewa mmoja akalileta mpaka mlangoni, na mama akafungua zipu pale pale barabarani, akazitoa buleteni moja moja akizihesabu.

Wake wa askari walioletwa na ndege za jeshi nao waliniuliza. Hapo jibu langu si tamu. Ndege ya jeshi haiuzi tiketi, hakuna mapatano ya kudai kwa kifungu cha 45. Ninachoweza kuwashauri ni kuandika jina lako kwa rangi juu ya kila begi na pia ndani yake, kuhakikisha umeandikwa kwenye orodha ya abiria, na karatasi za watoto kuzifunga mwilini, si kwenye mzigo. Mama mwalimu sasa anawafundisha wenzake kushona mfuko wa kitambaa kwa kazi hiyo.

Kesi yangu mimi ikaisha hivi. Siku kumi na tano zikapita kimya. Siku ya ishirini nikapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya adabu sana. Hakutaja Kalemie. Akasema kompanyi, kwa moyo mwema, iko tayari kunirudishia gharama. Nyumba ya wageni, sawa, iko risiti. Chakula, sawa, kwa kuwa mama wa mgahawa aliniandikia kwenye karatasi. Taksi ndiyo tukavutana. Taksi za Lubumbashi hazitoi risiti. Safari mbili niliandikiwa na dereva jina na nambari ya simu yake, mbili sikuandikiwa. Akakubali mbili. Dola 57. Na punguzo la dola 30? Akasema hilo lilikwisha muda.

Kwa maziko, hakuna. Akaniambia anasikitika kwa msiba, na nadhani alisikitika kweli, lakini hakuna mstari wa kuandikia.

Nikapelekewa karatasi ya kutia saini: napokea dola 57 na sitadai tena kitu chochote juu ya safari hii. Avoka aliniambia nikitaka twende tribinali nisitie saini. Picha tunayo, herufi tunazo, na mkubwa wa kompanyi atalazimika kueleza suti zile mbele ya hakimu. Lakini kesi ingefunguliwa Lubumbashi, na kila siku ya kusikilizwa ni safari, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Nikalala na karatasi ile siku mbili. Sijui kama nilifanya vizuri. Wako watakaosema kama sisi sote tunakubali dola 57, wakubwa wataendelea kupanda ndege zetu, na hao watakuwa na haki. Mimi nilitia saini. Tulikuwa watu arobaini na zaidi siku ile Luano; nilijaribu kutafuta wengine tuandike pamoja, lakini sikuwa nimechukua nambari ya mtu hata mmoja. Siku ile tulikaa benchi moja toka alfajiri mpaka saa nane, tukagawana biskuti, na hatukuulizana majina. Yule mama mwenye mtoto mgongoni, kama unasoma haya au umesomewa, nitafute. Herufi za ndege ninazo.

Jamaa walikuwa wanangoja kiangazi kiishe kabla ya kujenga kaburi. Yaya alituma sehemu ya euro zake. Mimi nikaweka zangu 57, zikatosha mifuko mitatu ya simenti, mdogo wangu akaleta mchanga kwa baiskeli. Mjomba alikuja kutazama kazi. Aliuliza simenti imetoka wapi, nikamwambia imetoka kwa kompanyi ya ndege. Akachukua mwiko mkononi mwa fundi, akapiga tope la simenti upande wa kichwa, akalisawazisha taratibu, akasema, “Basi wamefika.”